Wametagiwa Wote Mpaka wa Kucha, Aliyetengeneza Kitambaa Je?

Gauni lenyewe kila mtu mjini ameshaliona. Bluu iliyokolea kama usiku, michirizi myeupe inayotembea mwili mzima kama mishipa ya jani, na kifuani darizi za uzi wa rangi ya shaba zinazong'aa kila taa ikipita. Staa wa kike wa Bongo Fleva alilivaa kwenye usiku wa tuzo, akapita nalo kwenye zulia jekundu, na kesho yake simu za watu zikajaa picha hiyo hiyo moja. Hata wale ambao kazi yao ni kumponda kila akivaa, siku hiyo walikula buyu. Kwa kifupi, dada alipiga pamba.

Jina lake halitatajwa hapa, na la mbunifu wake pia halitatajwa. Wenye kujua wanajua. Mada hii ni kubwa kuliko wao wawili, na ikianza kuitwa majina itageuka timu fulani na timu fulani, halafu kinachotakiwa kusemwa kitapotea kwenye povu.

Chini ya picha kulikuwa na tagi tisa. Mbunifu, mpiga picha, wa mekapu, wa nywele, wa kucha, duka la viatu, duka la hereni, waliokodisha gari, na meneja. Wa kucha katagiwa, na kwenye picha kucha zenyewe hazionekani, mikono iko nyuma!

Saa tano asubuhi akaingia mwanamke mmoja kwenye komenti, akaunti yenye wafuasi wasiofika mia nne. Aliandika kwa adabu kabisa. Alimshukuru dada kwa kuivaa kazi ya mikono yake, akaomba kama si usumbufu naye atajwe, maana kitambaa ni batiki aliyoitengeneza yeye nyumbani kwake na darizi kazishona yeye na mdogo wake. Basi. Hakutukana mtu, hakudai hela.

Timu ya mashabiki ikamshukia. Akaambiwa anatafuta kiki. Akaambiwa basi na mwenye shamba la pamba naye aje atagiwe. Akaambiwa kama kweli ni fundi mbona picha zake mwenyewe kavaa dera la kawaida tu. Mmoja akamwambia ashukuru hata kitambaa chake kimegusa mwili wa staa. Kufika jioni komenti imefutwa na mwanamke wa watu kashapigwa bloku.

HADITHI YA UPANDE WA PILI

Siku mbili baadaye mwanamke yule akatupia video ya dakika tatu. Hakulia, hakupaka mekapu, hakuweka muziki wa huzuni. Amesimama uani, nyuma yake kuna jiko la mkaa na sufuria iliyoganda nta pembeni, na mikono yake ina rangi ya bluu mpaka kwenye vifundo. Akaeleza kwamba mbunifu alikuja kwake, akachagua, akalipia kitambaa cha mita nne shilingi 48,000, na darizi akaziongezea 60,000. Kwa maneno yake, aliambiwa ni gauni la mteja wa harusi. Picha alizionea kwenye simu kama watu wengine.

Na kabla ya kwenda kwenye komenti, alimtumia mbunifu ujumbe mara mbili. Zote zimesomwa. Hakujibiwa hata moja. Kwa hiyo wale waliosema angeenda inbox kwanza, alishakwenda. Inbox hapakuwa na mtu.

Mbunifu alipobanwa akajibu kwenye stori yake kwa mistari michache. Hoja yake ilikuwa kwamba kitambaa ni malighafi. Mtu akinunua kitambaa Kariakoo hamtagi mwenye duka, na kazi ya sanaa ni gauni, mshono, umbo na wazo. Staa yeye hakusema kitu mpaka leo. Chawa wake ndio wamesema mengi.

Tuache timu pembeni. Hoja ya mbunifu si ya kijinga, na watu wengi mjini wanafikiri hivyo hivyo. Kitambaa ni malighafi? Kwenye kitenge cha kiwandani kilichochapwa kwa maelfu ya mita, hapo kuna la kuongea. Kwenye batiki ya mkono iliyodariziwa juu yake, hapana. Kuona kwa nini, inabidi kujua kile kitambaa kilipita wapi kabla hakijafika kwenye mkasi.

NTA, BESENI NA SINDANO

Batiki inaanza na kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa kwanza ili dawa ya kiwandani itoke, maana isipotoka rangi haishiki. Kisha nta inayeyushwa jikoni. Fundi anachora nayo kwa brashi, au anapiga mhuri alioukata mwenyewe kwenye kipande cha mbao au sponji ya godoro. Popote nta ilipokaa, rangi haitaingia. Yaani fundi anachora kile ambacho hataki kipate rangi, na picha yote lazima aione kinyumenyume kichwani kabla ya kuanza.

Halafu beseni. Rangi ya unga inachanganywa na kostiki soda na haidrosulfaiti, vitu ambavyo havina utani. Kostiki inaunguza ngozi na haidro inapanda puani, ndiyo maana glavu na barakoa vinahitajika, ingawa mafundi wengi wa uani wanafanya bila. Maji yakiwa ya moto sana nta inayeyuka na kazi yote imekufa. Yakiwa ya baridi sana rangi inakataa. Na kile watu wengi hawakijui ni kwamba bluu ile haitoki bluu kwenye beseni. Kitambaa kinatoka na rangi nyingine kabisa, kisha kikipigwa na hewa ndipo kinaanza kugeuka taratibu machoni pako. Fundi asiyeijua rangi yake anaweza kuogopa akakirudisha kwenye beseni, akaharibu.

Zile rangi mbili tatu mnazoziona, kila moja ni mzunguko wake. Unaloweka, unakausha, unapaka nta tena pale unapotaka rangi ya kwanza ibaki, unaloweka tena. Mwisho kitambaa kinaingizwa kwenye maji yanayochemka na sabuni, nta inayeyuka na kuelea juu, inaenguliwa ikatumike siku nyingine.

Na ile michirizi kama mishipa ya jani iliyowapa watu wazimu kwenye picha? Hiyo ni nta iliyopasuka. Fundi anakikunja kitambaa chenye nta kavu, nta inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa. Akikunja kwa nguvu inatoka minene, akikunja polepole inatoka myembamba. Hakuna mtu duniani anayeweza kurudia mipasuko ile ile mara mbili, hata fundi mwenyewe. Gauni lile ni moja tu, na litabaki moja.

Juu ya hapo zikaja darizi. Kwenye video anasema walishona usiku kumi na moja, yeye na mdogo wake, wakifuata njia ya mipasuko kwa sindano. Yaani uzi haukushonwa popote tu. Ulifuata kile ambacho nta ilichora. Sasa turudi kwenye gauni, na msomaji aamue mwenyewe. Watu waliposhangaa pale kwenye zulia jekundu walishangaa mshono? Mshono ulikuwa mzuri, ulimkaa dada vizuri sana, mbunifu apewe maua yake. Ila gauni la mkato ule ule kwa satini ya bluu tupu lisingezungumzwa hata siku moja.

"SI KALIPWA?"

Hili ndilo jibu lililopata laiki nyingi kuliko yote. Kalipwa, mambo yameisha, atulie.

Fikiria muziki. Zamani wimbo wa Bongo Fleva ulikuwa unapigwa redioni, msanii anajulikana nchi nzima, na aliyetengeneza biti kakaa studio hajulikani hata mtaa wa pili. Alilipwa, ndiyo. Baadaye maprodyuza wakashtuka, wakaanza kuweka sahihi ya sauti mwanzoni mwa biti. Leo hata mtoto wa darasa la nne akisikia sekunde tatu za mwanzo anakutajia prodyuza, na wapo wasanii wanaojisifia kwamba wimbo umetoka kwenye mikono ya fulani. Hakuna shabiki anayemwambia prodyuza anatafuta kiki. Hakuna anayesema basi na aliyetengeneza spika naye atajwe. Kwa nini mwanamume mwenye kompyuta akiomba jina lake litajwe ni haki, na mwanamke mwenye sufuria ya nta akiomba hivyo hivyo ni njaa?

Hela iliyolipwa ilinunua mita nne za kitambaa na nyuzi. Haikununua jina. Na kwa fundi wa aina hii jina ndilo linaloleta mteja wa kesho. Mpiga picha aliyetagiwa pale alipata wafuasi kibao kwa wiki moja. Wa kucha naye alipata, bila kucha kuonekana. Aliyefanya kazi nzito kuliko wote alipata matusi na bloku.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawataki kuipiga. Shilingi 60,000 kwa usiku kumi na moja wa watu wawili. Gawanya mwenyewe. Inafika chini ya shilingi 2,800 kwa mtu kwa usiku, na hapo uzi hujautoa. Alikubali bei hiyo kwa sababu aliambiwa ni mteja wa harusi. Angejua ni zulia jekundu, labda angeomba bei nyingine, labda angeomba tagi badala ya hela. Hakupewa nafasi ya kuchagua.

NA SASA KOPI ZIMESHAINGIA

Kwa wanaosema mambo yameisha, bado. Wiki hii mtaani kimeanza kuonekana kitambaa chepesi cha kuchapwa, bluu ile ile, mipasuko ile ile, na hata darizi zimechapwa kama picha! Kinauzwa kwa jina la gauni la staa. Kukigundua ni rahisi. Kigeuze nyuma, utaona rangi imefifia, wakati batiki iliyoloweshwa kwenye beseni rangi imepenya pande zote mbili. Kikunjue chote, utaona ule mpasuko ulioupenda unajirudia kila baada ya hatua fulani, ule ule, kama muhuri. Nta haifanyi hivyo.

Hapa ndipo ukimya wa wale wawili unapouma zaidi. Laiti jina la fundi lingekuwa chini ya picha tangu siku ya kwanza, kila mtu angejua cha asili kinatoka wapi, na anayetaka kitu halisi angejua pa kwenda. Sasa hivi jina halipo, kwa hiyo kazi inaonekana haina mwenyewe. Na mjini kitu kisicho na mwenyewe kila mtu anakichukua.

Wapo wanaodhani sheria haimjui mtu wa hivi. Inamjua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa zinazotumika kwenye vitu vya matumizi, ziwe za mikono au za kiwandani, na haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Inampa pia mwenye kazi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitengeneza. COSOTA haipo kwa ajili ya wanamuziki peke yao. Lakini tuseme ukweli, fundi wa uani ataanzia wapi kumfuata mwenye mzigo wa marobota? Ndiyo maana kinga yake ya karibu zaidi ni watu kumjua.

KANGA ILISHATUONYESHA

Kwa wanaosema kuweka jina kwenye kitambaa ni mambo ya kuiga Ulaya, waende wakafungue kabati la bibi. Kanga ina jina, yaani yale maneno yake, hilo kila mtu analijua. Lakini angalia na pembeni kwenye pindo. Kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, kampuni iliyoanza mwaka 1887, zinabeba alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla, na bibi zetu walikuwa wanaitafuta alama hiyo dukani kabla hawajauliza bei. Yaani pwani hii imezoea kitambaa chenye sahihi kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa hiyo fundi wa batiki naye ana la kujifunza, na hili linasemwa kwa mapenzi. Sahihi inaweza kuwekwa kwa nta ile ile, herufi mbili tatu kwenye pindo, kabla ya beseni la kwanza. Picha ya kila hatua ipigwe, kitambaa kikiwa cheupe, kikiwa na nta, kikiwa kimelowa, ili siku ya ubishi ushahidi uwepo. Risiti iandikwe hata kwenye daftari la shule. Na mbunifu akija, makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, kwamba kazi hii ikipigwa picha ya hadharani fundi atatajwa. Anayekataa sentensi hiyo moja ameshakuonyesha nia yake mapema, na bei yake ipande.

Wabunifu nao waelewe kwamba kumtaja fundi hakumpunguzii mtu kitu. Mbunifu anayesema hadharani kwamba batiki yangu anatengeneza fulani, darizi anashona fulani, anaonekana mkubwa, mtu mwenye jikoni lake kamili. Anayeficha anaishi kwa wasiwasi, kila siku anaomba fundi asiwe na bando.

MASHABIKI NDIO WENYE RUNGU

Staa anaweza kuwa hana kosa kubwa hapa. Inawezekana kabisa aliletewa gauni saa mbili kabla ya shughuli, akavaa, akapewa orodha ya majina na meneja, akabandika. Wengi wanafanya hivyo. Kosa lake linaanzia pale alipoona komenti ile na kuacha ifutwe. Mtu mwenye wafuasi wengi kiasi kile alikuwa na uwezo wa kuimaliza ishu kwa kuhariri maelezo ya picha, kazi ya sekunde kumi. Angesifiwa mwezi mzima. Badala yake anaulizwa swali hilo kila anapotupia picha mpya.

Lakini waliompiga yule mwanamke si staa wala mbunifu. Ni vijana wa kawaida, wengi wao wana mama au shangazi anayeshona vitambaa vya makochi, anayefuma, anayeloweka batiki za kwaya, anayekaa barazani na kofia ya viua wiki baada ya wiki kupata ada ya mtu. Hela hiyo imesomesha watu mjini humu. Halafu wanafika kwenye simu wanamcheka mwanamke mwenye mikono ya bluu kwa sababu hana wafuasi.

Habari za karibuni ni kwamba amefunga komenti kwenye ukurasa wake. Amepata oda mbili tatu kutokana na video, na mmoja wa waliomtafuta alianza kwa kumwambia apunguze bei kwa sababu atampa promo. Mdogo wake, yule aliyeshona naye usiku kumi na moja, amesema hataki tena kazi za mastaa, bora mashuka ya wodini. Huyo ndiye mtu ambaye mji huu unakaribia kumpoteza, na ana umri wa miaka kumi na tisa.

Picha bado ipo pale juu. Tagi bado ni tisa. Kitufe cha kuhariri bado kinafanya kazi.

Wewe unaonaje mdau, fundi wa kitambaa atagiwe au malipo yanatosha? Tupia maoni yako hapo chini. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayeloweka, anayedarizi au anayefuma, weka jina lake kwenye komenti. Leo hapa hakuna wa kumfuta.